Eti "nasubiri mbao zishuke": dhana za wateja wangu hapa Tanga

Kuna maneno nimechoka kuyasikia dukani kwangu ninakouza mbao, "kaka mie nasubiri mbao zishuke kwanza ndo nipaue", na anayeyasema mara nyingi boma lake lishafika lenta, limekaa bila paa, kozi za matofali za juu zinakunywa mvua na sebuleni pameota magugu. Nimeona bora niandike mara moja, atakayekuja na hiyo habari nimtumie kwenye simu asome halafu ndo tuongee bei.

Wengi wanaosubiri wameona kitu mtandaoni, eti mbao zimeporomoka Marekani. Ziliporomoka kweli. Mei 2021 kule zilipita dola 1,600 kwa kipimo chao cha futi elfu za mbao, na kabla ya Septemba zilishaanguka chini ya nusu ya hapo, maana watu walikuwa wamekaa majumbani na korona wakaanza kukarabati nyumba wakati viwanda vya kupasua vilishapunguza kazi mwanzoni mwa 2020, sasa viwanda vilipoamka na wanunuzi wakasusa, bei ikarudi chini. Haya niambie, wewe wa Makorora hapa Tanga inakuhusu nini? Ile ni mbao ya Kanada na Marekani, bei yake inachezewa soko la Chicago. Paini yako imepandwa Mufindi au Njombe, imepasuliwa huko huko na imenunuliwa kwa shilingi. Hazijuani hata kwa salamu.

Kundi la pili wanasubiri kiangazi. Hawa wana hoja, ila wameishika nusu. Nyanda za Juu Kusini, ndiko Mufindi na Njombe, mvua inaanza Novemba inakwenda mpaka Aprili au Mei bila kupumzika, sio huku kwetu tunapata vuli halafu tunakaa tukingoja masika. Ikikolea, njia za kuingia kwenye mashamba ya miti ni utelezi mtupu, fuso haliingii, mbao iliyopasuliwa inatolewa kichwani mpaka barabarani na jua la kuikausha hakuna. Mzigo unapungua bei inapanda, hapo tuko pamoja. Lakini mvua ikikata na mzigo ukaanza kuja kwa wingi ndo muda ule ule kila mtu anaamka kujenga, aliyevuna kashauza mahindi, mwenye mradi anakimbizana na kiangazi, madarasa yanapauliwa, wote tunagombania lori lile lile la 2x4 na 2x3. Kwa hiyo unachokisubiri kinakuja kweli, ila kinakuja na wateja wenzio. Nafuu utakayoipata hapo, fundi wa kurudia kozi zilizolowa anaimaliza yote.

Halafu watu wanasahau kwamba mbao ni mzigo mzito unaotoka mbali. Mafinga kule Mufindi mpaka hapa, kwa kupita Morogoro, Chalinze na Segera, ni kama kilomita 700, so ndani ya bei ya ile mbao kuna dizeli nyingi tu. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Tanga tuna safu yetu peke yetu kwa sababu mafuta yanashushwa bandarini hapa hapa. Mie nikitaka kujua mzigo ujao utanipigaje naangalia hilo tangazo. 2022 dizeli ilipopita 3,000 kwa lita wenye malori hawakungoja, nauli ikapanda chap, na mafuta yalipokuja kupoa nauli ilishuka kwa kujivuta kweli kweli.

Na sasa lile linaloniudhi kuliko yote: mtu anasubiri, anasubiri, siku ananipigia kwa mbwembwe kwamba kapata 2x4 mahali kwa bei ambayo mie hata kuagizia siwezi. Shekhe, hiyo sio bei kushuka, huo ni mti mdogo. Shamba la serikali la Sao Hill paini inaachwa miaka kama 25. Mkulima mwenye ekari zake mbili ana ada ya mtoto Januari, anakata ikiwa na miaka 8 au 10, na simlaumu. Ila wewe mnunuzi geuza hiyo mbao uangalie kichwani pale ilipokatwa. Utakuta pete chache na pana, na moyo wa mti uko katikati kabisa, ukiubonyeza kwa ukucha unaingia. Weka futi, mbili kwa nne yako inasoma moja na robo tatu kwa tatu na nusu, tena ncha moja nene nyingine nyembamba maana dingdong, mashine ya kupasulia ya kule shambani, haina usawa. Inyanyue, nzito ina maji, na mabaka ya bluu yameshaanza. Kenchi (fremu ya paa) la mbao hiyo likikauka huko juu linajinyonga, misumari inaachia, bati linafumuka, na mtu anarudi kunilaumu mie ambaye hata sikumuuzia!

Ushauri wangu na nitaurudia mpaka mnichoke: mbao za paa nunua wakati unapandisha ukuta, usingoje umalize. Zipange kivulini juu ya matofali zisiguse chini, weka fito kati ya safu na safu upepo upite, juu tia uzito zisipinde. Kwa unyevu wetu huu wa pwani zipe hata miezi miwili. Fundi atakwambia zimekuwa ngumu misumari inapinda, mwache alalamike.

Nyingine nazipitia haraka.

"Lushoto kumejaa miti, kwa nini mnatuuzia za Iringa?" Shume kuna paini na saiprasi kweli, na mzigo wake unashuka, ila hautoshi wote tunaojenga. Longuza kule Muheza ni mitiki, TFS, wakala wa misitu wa serikali, wanaiuza mnadani na nyingi inaishia kwenye kontena za India, huwezi kuifanya papi za kupigilia bati. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Mlima unauona, mbao zake sio zako. Na anayekuletea mvule usiku kwa bei ya kutupa mwambie akuonyeshe hati ya kusafirishia, la sivyo nawe utajieleza maliasili.

"Saruji inapikwa Pongwe, tuuziwe bei ya jirani." Mawe ya chokaa ni ya hapa, makaa ya mawe yanatoka Ruvuma mwisho kabisa wa nchi, na kiwanda kinauza kwa anayelipa popote alipo. Mwishoni mwa 2020 saruji ilipoadimika na bei ikaruka mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaagiza wakuu wa mikoa yenye viwanda wachunguze, kukaa karibu na kiwanda hakukutusaidia kitu. Ila saruji usirundike. Mbao nunua mapema, saruji nunua ya kazi ya wiki hii, unyevu wa hapa unaigandisha mfukoni.

"Bati na nondo ni za ndani, dola haituhusu." Hapa sasa ndo ungeangalia habari za nje! Koili za bati na chuma kingi kinakuja kwa meli, 2023 dola zilipoadimika waagizaji walihangaika na sisi wa chini tukalipia. Na jamani geji 32 ni nyembamba kuliko 28, namba ikipanda bati linapungua, msijisifu. Nondo nayo usinunue kwa macho, ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa ikaribie kilo 10.6, ikisoma 9 kwenye mzani hiyo umepigwa hata kama bei ilikuwa tamu.

"Mbao ya kijani ina dawa ya wadudu." Rangi ya kijani hata brashi inaipaka. Mwambie muuzaji akukatie kipande cha katikati, sio cha ncha, uangalie dawa imeingia ndani kiasi gani au imeishia kwenye ngozi tu. Akikataa kukata, mwachie mbao zake.