Jina la Kifaransa kwa mtoto anayekulia kwenye Kiingereza

Nafundisha matamshi ya Kifaransa, na swali ninaloletewa kuliko yote halihusu mitihani. Linatoka kwa wazazi wa Kongo, Burundi na Rwanda waliohamia Marekani, Kanada au Australia. Wanatarajia mtoto, wanataka apate jina la Kifaransa kama yalivyo majina mengi ya kwao, ila hawataki akue akimsahihisha kila anayemwita. Wengi hunirekodia jina hilo WhatsApp, wamelitamka vizuri kabisa, kisha wanauliza kama Mmarekani ataliweza.

Huwa nawaomba waliandike. Nesi, mwalimu na karani hukutana na jina kwenye karatasi kabla hawajalisikia, na hapo ndipo majina mengi ya Kifaransa yanapoharibika. Sauti ngumu zipo, lakini kinachosumbua zaidi ni herufi zinazoandikwa bila kutamkwa. Ramani ya Marekani yenyewe ni ushahidi. Detroit ilianzishwa na Wafaransa mwaka 1701, na kwa Kifaransa neno hilo linaishia "trwa", t ya mwisho ikiwa kimya. Leo t hiyo inasikika wazi. St. Louis ilianzishwa mwaka 1764 ikapewa jina la mfalme Louis wa Tisa, na wenyeji wake wanaiita "Sent Luwis". Kwa hiyo ukimwita mwanao Benoît, tarajia aitwe kwa mtindo wa Detroit. Ukimwita Louis, wapo watakaosema "Lui" na wapo watakaosema "Luwis", na ataitikia yote mawili.

Wavulana ndio wanaoumia zaidi, na sababu iko kwenye tahajia. Kifaransa hunyamazisha konsonanti nyingi za mwisho wa neno, lakini ukiongeza e baada yake, konsonanti inaamka. Denis ni "Deni", Denise ni "Deniz". Louis ni "Lui", Louise ni "Luiz". Simon inamalizikia puani, Simone inaishia na n ya wazi. Majina mengi ya kike yana hiyo e, basi msomaji wa Kiingereza, ambaye kwa kawaida hutamka konsonanti anayoiona mwishoni, anajikuta amepatia. Simone Veil, aliyekuwa waziri Ufaransa, na Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, wanaitwa karibu sawa. Hata mkazo hautofautiani sana: Kifaransa huuweka kwenye silabi ya mwisho, na Kiingereza kimezoea kuuacha hapohapo katika Michelle, Danielle, Nicole, Denise na Celine. Sisi Waswahili ndio tunaourudisha nyuma, "Mi-SHE-li", na kwa bibi aliyeko Bukavu silioni kuwa kosa. Ndivyo lugha yetu inavyolipokea jina.

Kwa mvulana, angalia kwanza herufi ya mwisho. Kifaransa mara nyingi hutamka c, r, f na l zikiwa mwishoni, na ndiyo maana Marc, Éric, Victor, Pascal, Marcel na Gabriel husafiri vizuri. Félix pia, kwa kuwa x yake husikika. Jihadhari na majina yanayoishia na -er: Olivier, Didier na Roger, r yao ni kimya. Luc inaishia salama, ila u yake haimo katika Kiingereza wala Kiswahili. Midomo inaviringwa kama unasema u huku ulimi umekaa mahali pa i. Mmarekani atasema "Luuk", na kwa maoni yangu hilo linavumilika. Hugo atakuwa "Hyugo". Ukiona linakuudhi tangu sasa, usilichukue, kwa sababu utalisikia kila siku.

Irabu za puani, kama ile ya mwisho wa Simon, sizitetei. Clément, Laurent, Vincent na Aurélien ni majina mazuri mno, lakini msomaji wa Kiingereza atatamka n na t zote. Mashabiki wa Yanga wanawakumbuka Fiston Mayele na Héritier Makambo, na Dar es Salaam hakuna aliyehangaika na majina hayo. Kwenye Kiingereza Fiston inaanza kwa herufi zilezile za neno la ngumi, na jicho la msomaji hukimbilia huko. Héritier ina h kimya mwanzoni na r kimya mwishoni, kwa hiyo inakosewa pande zote mbili.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii, nalo ni alama za juu ya herufi. Ile mistari miwili ya chini kwenye pasipoti, inayosomwa na mashine, huandika majina kwa herufi A hadi Z tu. Jimbo la California kwa miaka mingi lilikubali herufi 26 za Kiingereza pekee kwenye cheti cha kuzaliwa. Chloé na Zoé hazidhuriki, kwani Kiingereza kinazijua. Désiré ndiyo inayoniumiza. Ni jina la heshima, la mtoto aliyetamaniwa na wazazi wake, na kwetu limejaa. Ondoa alama, kinachobaki ni neno la Kiingereza la tamaa, linalosomwa "dizaya". Mvulana wa miaka kumi na mitatu asibebeshwe hilo darasani.

Jean nayo hugeuka. Kwa Kiingereza ni jina la mwanamke, "Jiin". Michel husomwa kama Michelle. Jean-Claude au Jean-Pierre hukatwa kwenye fomu: Jean inakuwa jina la kwanza, nusu ya pili inasukumwa kwenye jina la kati, na kijana anaanza shule akiitwa jina ambalo hajawahi kuitwa nyumbani. Kama unaling'ang'ania, hakikisha kile kistari cha kuunganisha kimeandikwa kwenye fomu ya hospitali kabla hujatia sahihi.

Jaribio langu ni dogo. Andika jina bila alama yoyote, mpe mtu anayejua Kiingereza tu na asiyewahi kulisikia, alisome kwa sauti. Usimsaidie. Mpe na mwingine. Kisha mpigie simu mama mkwe, umsikie naye anavyoliita. Élise, Mélanie, Nicole, Pascal na Félix nimeziona zikipita kwa wote.

Na kama babu aliitwa Guillaume na familia inadai jina lake lirudi? Liwe jina la pili. Guillaume na William ni jina moja kwa asili, lenye mizizi ya Kijerumani, kwa hiyo mtoto anaweza kuitwa William shuleni na Guillaume kwenye meza ya nyumbani, na babu hajapokonywa chochote.