Kisu cha kukunja cha bei nafuu: pesa yako imekwenda wapi?

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja mpagazi wa mlimani aliingia karakanani kwangu hapa Moshi, mkono wa kulia umefungwa bandeji. "Shikamoo fundi." "Marahaba mwanangu, umepatwa na nini?" Akanisimulia. Alikuwa kambini anakata kamba ya hema, ncha ikakwama, alipoivuta kwa nguvu kisu kikajikunja na kumfungia vidole viwili. Nyuzi saba. Na alichonijia ni kunolewa kisu kilekile.

Nilikigeuza kwenye mwanga. Kisu cheusi, kina klipu ya kuchomeka mfukoni, kitufe cha kufungulia kwa kidole gumba, meno ya msumeno mgongoni, ncha ya kuvunjia kioo kitakoni, na mchoro wa fuvu ubavuni. Bei shilingi elfu nane, kwa machinga jirani na stendi. Makali yake yalikuwa mazuri tu. Kilichomuumiza ni kufuli, yaani kizuizi kinachoshika bapa (ule ubamba wenye makali) lisijikunje.

Kazi yangu ni kunoa na kutengeneza visu, na mji huu umenipa bahati ambayo mafundi wengi hawana. Wageni wakishuka mlimani huwaachia waongozaji vifaa vyao, kwa hiyo mezani kwangu kisu cha Uswisi hulala kando ya kisu cha sokoni cha elfu tano. Vyote nimevinoa mara nyingi mno. Kila wiki kuna mtu ananiuliza kama visu vya bei ndogo vina ubora wowote. Vipo vyenye ubora, tena vingine ningevichagua mbele ya vya ghali. Lakini kabla hujatoa pesa, tazama mtengenezaji alizitumia kwenye nini.

Chukua hiyo elfu nane. Toa faida ya machinga, ya muuzaji wa jumla, nauli ya meli na ushuru. Kinachobaki ndicho kilicholipia chuma, moto wa kukikomaza, skrubu sita, springi, klipu, kitufe, rangi nyeusi na fuvu. Kila kitu kimemega sehemu yake. Kufuli la kisu cha namna hiyo ni kipande chembamba cha bati kilichokunjwa kidogo, ambacho bapa likifunguka kinarudi katikati na kuliziba kwa nyuma lisijifunge. Likitengenezwa vizuri ni kufuli la kuaminika, lakini linataka vipimo vya chini ya milimita moja. Kwenye kisu cha kijana yule, bati lilishika ukingo wa bapa kwa upana usiozidi unene wa ukucha. Nilibonyeza mgongo wa bapa kwenye meza, vidole nimevitoa njiani, likateleza mara ya kwanza.

Sasa weka kando yake Opinel. Ni kisu cha Savoie, Ufaransa, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1890 na Joseph Opinel, kijana wa familia ya watengeneza zana. Namba 8, ambacho bapa lake lina sentimita 8.5, huuzwa huko Ulaya kati ya euro 10 na 15. Hesabu vipande vyake: bapa, mpini wa mti, pini moja, na pete mbili za chuma, moja imetulia na nyingine inazunguka. Basi. Pete inayozunguka iliongezwa mwaka 1955, na ndiyo kufuli lenyewe: ukiizungusha, mwanya unazibika na bapa halina pa kurudi. Hakuna springi ya kuchoka wala skrubu ya kulegea. Pesa yote imekwenda kwenye bapa, nalo ni jembamba na linakata nyanya iliyoiva bila kuiponda. Ila masika mti wa mpini hunyonya maji, unavimba, na bapa hukwama ndani. Gonga kitako cha mpini juu ya ubao, bapa litachungulia. Kisha kianike kivulini mpaka kikauke.

Okapi tunaifahamu zaidi Waafrika. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika, na wakati huo nchi yetu ilikuwa mojawapo. Ilipewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemwandika mwaka mmoja tu kabla, 1901. Tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wa mti, vipambo vya mwezi na nyota, na bapa la chuma chenye kaboni ambacho kinashika kutu ukikizembea, lakini kinanoleka kwa jiwe lolote, hata la mtoni. Si kisu cha kujivunia umaliziaji wake. Nimeona bapa limekaa upande, nimeona mpini wenye ufa. Hata hivyo, kwa mkulima anayekata kamba na kumenya miwa, bei yake ni halali kabisa.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na kwa visu naikubali nusu tu. Kinachovunja upishi ni kisu rahisi kinachojifanya kina mambo mengi.

Chuma chenyewe kinahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wanadanganywa. Neno la kutoshika kutu lililogongwa kwenye bapa halisemi lolote kuhusu makali. Chuma kinakaza makali kwa sababu ya kaboni, na hakishiki kutu haraka kwa sababu ya kromiamu. Visu vingi vya bei ya chini kabisa vinatumia chuma chenye kaboni kama asilimia 0.3, ambacho kinafaa zaidi kijiko. Bapa la Opinel lisiloshika kutu lina kama asilimia 0.5, na lile la kaboni linafika karibu 0.9. Hata 440, namba ya aina ya chuma, ikiandikwa peke yake, bila herufi A, B au C, haikuambii kitu, maana hizo ni vyuma vitatu tofauti.

Na chuma kizuri kikipata moto mbaya hakifai tena. Chuma kisichoshika kutu hupashwa zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, hupozwa ghafla, kisha hurudishwa kwenye moto mdogo ili kisiwe kama kioo. Mteja haioni kazi hiyo, ndiyo maana ni rahisi kuikwepa. Mimi huipima kwa tupa ndogo laini. Naipitisha kwenye makali kule karibu na mpini, mahali pasipokata kitu. Chuma kilichokomaa, tupa inateleza juu yake na kutoa mlio mwembamba. Chuma laini, tupa inauma, mlio unakuwa mzito, na kidoleni unabaki unga unaong'aa. Ukishausikia mara tatu hutausahau.

Msidhani lakini kwamba kila ugumu ni sifa. Visu vya Victorinox, kampuni ya Uswisi iliyoanza na karakana ya Karl Elsener mwaka 1884 na kulipatia jeshi la nchi hiyo visu mwaka 1891, vina ugumu wa kama 55 au 56 kwa kipimo cha Rockwell. Si mkubwa. Makusudi yake ni kwamba mwenye kisu ajinolee nyumbani kwa dakika tano. Mwongozaji mmoja ana chake cha mwaka wa kumi na tano sasa, bapa limepungua kwa kunolewa, na springi zote bado zinagonga kwa sauti ileile. Akijumlisha miaka hiyo, hakuna aliyelipa kidogo kama yeye.

Hapo piga hesabu ya kawaida. Kisu cha elfu tano chenye chuma laini kinataka jiwe kila wiki. Mimi nanoa kwa elfu moja. Miezi miwili tu umeshanipa elfu nane, na kisu bado ni kilekile. Mimi nafaidika, lakini sipendi faida hiyo.

Kuhusu visu vya China, naomba tuache kusema "vya Kichina" kama tusi. Mji wa Yangjiang, mkoa wa Guangdong, una viwanda vinavyotoa visu vibaya na vingine vinavyotoa visu ambavyo ningempa mwanangu. Chuma chao kiitwacho 8Cr13MoV, chenye kaboni kama asilimia 0.8, kikipata moto sahihi ni chuma kizuri mno kwa bei yake. Kisu cha elfu arobaini au hamsini cha chuma hicho, kutoka kiwanda kinachoweka jina lake hadharani, mara nyingi kinafanya kazi sawa na cha laki mbili.

Ukiwa dukani, kifungue ukitikise bapa kulia na kushoto: likicheza leo, mwaka kesho litakuwa linaning'inia. Lifunge, ulitazame kwenye mwanga kama limekaa katikati ya mbavu za mpini. Angalia ukingo wa makali: ukiona rangi ya bluu au kahawia, ujue jiwe la kiwandani lilikiunguza na ugumu umetoka, hata kama sasa kinanyoa nywele. Kufuli lijaribu kwa kubonyeza mgongo wa bapa mezani taratibu, kama nilivyofanya, na vidole vyako viwe mbali. Muuzaji akikataa usijaribu kufuli, rudisha kisu uondoke.

Kuna wanaonijia wakitaka kisu cha kukunja wakati kazi yao haikihitaji. Kama kisu kinakaa jikoni, shambani au kwenye begi la vifaa, nenda Mamba, njia ya Marangu, kwa wahunzi wetu. Bapa zima lisilokunjwa, limefuliwa kutoka springi ya gari, halina kufuli la kukusaliti, na springi ya gari ni chuma kizuri.

Kisu cha kijana niliendelea kukichunguza akiwa amekaa kwenye benchi. Tupa iliteleza. Mlio ulikuwa mwembamba. Kumbe chuma kilikuwa na afadhali, waliodhulumu ni waliotengeneza kufuli. Nikamuuliza, "Mwanangu, unahitaji kikunjwe?" Akafikiri, akasema hapana, kinakaa kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Nikakifungua, nikatoboa kwa kekee mbavu zote mbili na shina la bapa, nikapitisha ribiti mbili za chuma na kuzigonga mpaka zikajaa. Sasa hakikunjiki tena. Nikang'oa klipu, nikasugua fuvu kwa msasa, nikamshonea ala ya ngozi ya ng'ombe. Alinilipa elfu sita na Jumatatu alirudi mlimani.