Mwanga mwekundu wa Nyiragongo hausemi kila kitu

Ni rahisi kuamini kwamba mwanga ukififia kileleni mwa Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, mlima umetulia. Sivyo. Mwanga ule ni ziwa la lava, yaani mwamba ulioyeyuka, ndani ya kreta, shimo la kileleni, na huweza kuwaka miaka bila kufurika. Hatari kubwa ni mlima kupasuka ubavuni: ziwa hukauka ghafla na lava hutokea chini, karibu na watu.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1977, 2002 na 2021. Januari 2002 nyufa zilifika ukingoni mwa mji. Lava ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu.

Lava ya Nyiragongo ina kidogo silika, madini yanayoifanya lava kuwa nzito kutiririka, hivyo ni majimaji mno. Kwenye mteremko mkali humshinda mtu mbio. Mabondeni kuna mazuku, mifuko ya gesi ya kaboni dayoksaidi, iliyo nzito kuliko hewa na hukosesha pumzi: usilaze mtoto hapo.