Hamia Florida, kodi itakungoja Uskoti

Mwanamichezo tajiri akilalamika kuhusu kodi, jibu la watu ni lilelile: "Si ahame tu." Nimelisikia kwa mawakala, nimelisikia kwa wanahabari wa michezo, na juzi limenijia tena kupitia mkimbiaji kijana wa Iten aliyeshauriwa achukue ukazi wa Dubai, kusikotozwa kodi ya mapato ya mtu binafsi, ili zawadi zake za Marekani zisikatwe. Kazi yangu ni hesabu za kodi za wanamichezo, na imani hii inanikera kwa sababu inawala watu pesa. Wanamlipa wakili wa uhamiaji, wanapanga nyumba wasiyoilalia, halafu wananijia na barua ya mamlaka ya mapato mkononi.

Kisa kinachotajwa sana ni cha mcheza gofu Phil Mickelson. Novemba 2012 wapiga kura wa California, jimbo alikokuwa akiishi, walipitisha Pendekezo la 30. Kiwango cha juu cha kodi ya jimbo kikapanda kutoka asilimia 10.3 hadi 13.3 kwa kipato kinachozidi dola milioni moja. Mwanzoni mwa 2013 serikali kuu nayo ikapandisha kiwango chake cha juu kutoka asilimia 35 hadi 39.6. Januari hiyo Mickelson akasema hadharani kwamba akijumlisha yote anafika asilimia 62 au 63, na huenda akalazimika kubadili maisha yake kwa kiasi kikubwa. Watu wakamjia juu, na baada ya siku chache akaomba radhi. Tiger Woods naye akasema kodi ilikuwa sehemu ya sababu za yeye kuondoka California kwenda Florida, jimbo lisilotoza kodi ya mapato ya mtu binafsi, mwaka 1996.

Tuipige ile hesabu ya 62, kwa sababu hapa ndipo ninapokosa subira. 39.6 jumlisha 13.3 ni 52.9. Mtu aliyejiajiri analipa pia kodi ya Medicare, ile bima ya afya ya wazee, ambayo kwa kipato cha juu ni asilimia 3.8. Tumefika 56.7. Zilizobaki zimetoka wapi? Makato ya hifadhi ya jamii ni asilimia 12.4, lakini mwaka 2013 yalitozwa kwenye dola 113,700 za kwanza tu, yaani kama dola 14,100 kwa mwaka mzima. Anayeingiza mamilioni hawezi kuyabandika makato hayo juu ya kila dola yake. Zaidi ya hapo, wakati ule kodi ya jimbo iliondolewa kwenye kipato, ingawa kwa mipaka, kabla serikali kuu haijapiga hesabu yake. Viwango viwili ambavyo kimoja kinapunguza kingine huwezi kuvijumlisha moja kwa moja. Tena vyote hivi ni viwango vya dola ya mwisho, si vya kipato kizima. Nimewaona watu wenye akili timamu wakikataa mkataba mnono eti "utanipandisha ngazi ya kodi", wakiamini kiwango kipya kitarudi kula na zile pesa za chini. Hakirudi. Kinagusa kilichozidi tu.

Sasa tuje kwenye kuhama. Julai 2013 Mickelson alikwenda Uskoti akashinda mara mbili mfululizo: Scottish Open kule Castle Stuart, pauni 500,000, kisha The Open kule Muirfield, pauni 945,000. Kiwango cha juu cha Uingereza wakati huo kilikuwa asilimia 45, na Uingereza haikuwa na haja ya kujua nyumba yake iko wapi, kwa sababu mipira ilipigwa kwenye nyasi zake. Serikali kuu ya Marekani humpunguzia mlipakodi kile alicholipa nje, na kwa kuwa 45 inazidi 39.6, kodi yake ya kawaida kwenye zawadi zile ilimezwa yote. California haitoi unafuu huo. Inadai 13.3 yake juu ya 45 ya Waingereza. Kwa hiyo angekuwa tayari ameshahamia Florida, angeokoa sehemu ya California peke yake. Asilimia 45 ingebaki palepale.

Kanuni yenyewe ni fupi, na imo katika mikataba mingi ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili: kipato cha mwanamichezo kinaweza kutozwa kodi pale alipocheza. Majimbo ya Marekani yanaifuata hata baina yao. Baada ya Chicago Bulls kuifunga Lakers ya Los Angeles, California, katika fainali za mpira wa kikapu za NBA za 1991, California iliwadai kodi wachezaji wa Bulls, na Illinois, jimbo la Bulls, ikajibu kwa sheria yake ya kuwatoza wachezaji wa majimbo yaliyowatoza wake.

Lakini ukisema "pale alipocheza" hujamaliza. Mchezaji analipwa mshahara wa msimu mzima. Utaugawaje kwa miji? Jiji la Cleveland lilikuwa likigawa kwa mechi. Hunter Hillenmeyer wa Chicago Bears, timu ya soka ya Kimarekani, alikuwa na mechi moja pale kati ya kama 20, kwa hiyo jiji likadai takriban asilimia 5 ya mshahara wake. Yeye akasema: nalipwa pia kwa mazoezi, vikao na kambi, nihesabieni siku za kazi. Kwa siku za kazi, sehemu ya Cleveland ilikuwa zaidi kidogo tu ya asilimia 1. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Ohio ilimpa haki. Huyu hakuhama popote, na alichokiokoa kilitokana na kuuliza pesa zake zinagawanywaje.

Udhamini ni mgumu zaidi. Mcheza tenisi Andre Agassi alilipwa na Nike na Head, kampuni zisizo za Uingereza, kupitia kampuni yake isiyo ya Uingereza. Mwaka 2006 Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likaamua kwamba sehemu ya malipo yale inayohusiana na kucheza kwake Uingereza inatozwa kodi Uingereza. Ndiyo sababu Usain Bolt hakukimbia London mwaka 2010: kodi ingegusa udhamini wake wa dunia nzima, na ada ya usiku mmoja isingeifidia. Kwa Olimpiki ya 2012 ilibidi serikali itoe msamaha maalumu. Nami nakiri kwamba ugawaji huu wa udhamini ni makadirio yaliyovaa suti. Mdhamini analipia sura, jina, historia ya mtu. Kusema siku fulani za mashindano na mazoezi zimebeba sehemu fulani ya jina hilo ni makubaliano tu, na wahasibu wawili waaminifu watakuletea majibu mawili.

Kuhama hakukosi faida. Mchezaji wa timu ya Florida huchezea nusu ya mechi zake nyumbani, na kipato chake cha uwekezaji hakiguswi na jimbo. Ila ni lazima uhame kweli. Mcheza tenisi Mjerumani Boris Becker alidai kuishi Monaco mwanzoni mwa miaka ya 1990, huku maisha yake yakiwa Munich. Mwaka 2002 mahakama ya Munich ilimtia hatiani kwa kukwepa kodi na kumpa kifungo cha nje cha miaka miwili.

Kwa wakimbiaji wetu jambo liko wazi kuliko wanavyodhani. Kenya haitozi kodi kwa pasipoti, kama Marekani inavyowafuata raia wake kokote. Sheria ya Kenya inauliza kuhusu ukazi. Ukiwa na makazi ya kudumu Kenya na ukakanyaga nchini hata siku moja ya mwaka, wewe ni mkazi mwaka huo. Usipokuwa na makazi hayo, zinahesabiwa siku: 183 katika mwaka, au wastani unaozidi 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Mwenye jumba Eldoret na kadi ya ukazi ya Dubai bado ana jumba Eldoret. Panapobaki ubishi wa kweli ni hapa: biashara ya mkazi inayofanywa kwa sehemu Kenya na kwa sehemu nje huhesabiwa yote kuwa ya Kenya. Je, kufanya mazoezi Iten miezi kumi kwa ajili ya mbio za Boston ni kuendesha biashara Kenya? Mimi naona ndiyo. Wenzangu ninaowaheshimu wanaona biashara ni mbio, na mbio zilikuwa Boston.

Na Boston penyewe? Mshindi wa dola 150,000 asiye mkazi wa Marekani hukatwa kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla pesa hazijamfikia, ya asilimia 30 kabla ya gharama yoyote: dola 45,000. Wakala akichukua asilimia 15, ambayo ni kawaida, anabakiwa na 82,500, kabla ya kodi ya jimbo, kocha na tiketi. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili. Hapo malalamiko yana haki, na Dubai haigusi hata senti yake.

Kinachosaidia ni makaratasi. Asilimia 30 ni zuio, haijawa kodi ya mwisho. Ukiwasilisha ritani Marekani, unaondoa ada ya wakala na gharama za safari, unahesabiwa kwa ngazi za kawaida, na mara nyingi unarudishiwa kitu. Bora zaidi, omba makubaliano na mamlaka ya kodi ya Marekani kabla ya mbio ili ukatwe kulingana na faida unayotarajia. Ombi linatakiwa kufika angalau siku 45 kabla ya shindano, likiwa na mkataba wako na bajeti ya safari. Mawakala wengi hunipigia simu wiki ya mbio.