Bei ya rejareja ya matunda hufuatiliwaje?

Kufuatilia bei ya rejareja ni kuandika, kila baada ya muda uliopangwa, kiasi anacholipa mlaji kwa bidhaa ileile, kisha kulinganisha rekodi hizo. Haihusu bei ya machungwa yakiwa bado shambani Muheza, wala ya tenga sokoni Mabibo. Inahusu bei anayotajiwa mtu anayenunua ya kula nyumbani.

Kwa sukari au mafuta ya taa kazi hii ni nyepesi, kwa sababu kilo ni kilo na lita ni lita. Matunda yetu huuzwa kwa fungu, na hapo ndipo bei hujificha. Tuseme mwezi Julai, machungwa yakiwa yamejaa sokoni, fungu la shilingi 1,000 lina machungwa matano yenye uzito wa kilo moja. Machi fungu bado ni shilingi 1,000, ila sasa yapo matatu, tena madogo, na yote pamoja ni nusu kilo. Aliyeandika bei ya fungu ataripoti kwamba hakuna kilichobadilika. Aliyehesabu machungwa ataona kila moja limetoka shilingi 200 hadi 333. Aliyepima ataona kilo imepanda kutoka 1,000 hadi 2,000, yaani maradufu. Huyu wa tatu ndiye aliye karibu na ukweli wa mlaji. Ndiyo maana nasisitiza mizani: wanaonunua kwa fungu mara nyingi ni wenye kipato kidogo, na rekodi isiyopima inafuta maumivu yao kabisa.

Aina nayo isichanganywe. Embe dodo ya mwezi huu hailinganishwi na bolibo ya mwezi uliopita. Saa pia ina uzito wake, maana muuzaji aliyebaki na mapapai yaliyoiva sana jioni atashusha bei ili asilale nayo. Chagua soko, aina na wakati, kisha usibadilishe.

Baada ya hapo kuna msimu. Kulinganisha bei ya embe ya Desemba na ya Juni kunakueleza habari za mvua na maua ya miembe kuliko habari za uchumi. Mfumuko wa bei wa mwaka unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupatikana kwa kulinganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliotangulia. Hata hivyo njia hiyo ina mtego mmoja: Ramadhani. Matunda hununuliwa kwa wingi kwa ajili ya futari, na mwezi huo hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2016 Ramadhani ilianza Juni, mwaka 2024 ilianza Machi. Anayelinganisha Machi na Machi bila kukumbuka hilo atalaumu mavuno kwa jambo lililoletwa na wanunuzi.

Ili matunda tofauti yasomeke pamoja, bei hugeuzwa kuwa fahirisi: kipindi cha msingi hupewa 100, na vingine hupimwa kwacho. Fahirisi ya bei za mlaji iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2021 iliweka mwaka 2020 kuwa 100. Tunda likisoma 130, bei yake imepanda asilimia 30 tangu kipindi hicho.

Mfululizo ukiwa mrefu, swali huwa kama tunda limepanda kuliko vitu vingine. Marekani ina rekodi ya bei ya ndizi mbivu madukani tangu 1980. Wakati huo ndizi za uzito wa pauni moja, yaani karibu nusu kilo, hazikufika senti 40 za dola. Mwaka 2023 zilizidi senti 60. Ukiishia hapo utasema ndizi imepanda sana. Lakini katika miaka hiyo bei za vitu kwa jumla nchini humo zilipanda karibu mara nne, kwa hiyo kwa bei halisi, yaani ikilinganishwa na bei za vitu vingine, ndizi imekuwa nafuu.

Na mwezi ambao tunda halipo sokoni kabisa, usiandike sifuri. Sifuri maana yake lilitolewa bure. Acha nafasi wazi, uandike pembeni kwamba halikupatikana.