Oili nzito si oili bora

Kwenye gereji nyingi za Dar es Salaam, gari dogo likiingia kumwaga oili, fundi huagiza 20W-50 bila hata kuangalia kifuniko cha injini kimeandikwa nini. Hoja huwa moja: huku kwetu joto, weka nzito. Mimi ni fundi wa injini, na kwa Toyota tunazoendesha siku hizi, IST, Probox, Premio na ndugu zake, hoja hiyo naikataa mchana kweupe: hizi zinataka 5W-30.

Namba hizo huonyesha uzito wa oili. Inayotangulia W hupimwa kwenye baridi kali: 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye nyuzi 15 tu chini ya sifuri. Namba ya nyuma hupimwa oili ikiwa na nyuzi 100. Kwa viwango vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, oili ya 30 lazima iwe chini ya sentistoki 12.5 (kipimo cha uzito wa oili) kwenye joto hilo, na ya 50 haianzi chini ya 16.3. Kwa hiyo hata injini ikishapata moto, 50 inabaki nzito kuliko 30. Na anayeamua injini ipate moto kiasi gani ni themostati, kifaa kinachodhibiti joto la injini, si jua la Kariakoo. (Themostati ile ile ambayo mafundi wengine huing'oa na kuitupa. Hayo nitayaandika siku nyingine.)

Shida yenyewe iko asubuhi. Injini ya 1NZ-FE, utakayoikuta kwenye nyingi ya gari hizo, haitumii oili kulainisha tu. VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa vali kufunguka, huigeuza kemshafti kwa presha ya oili, na tenshena (kikazio) ya taiming cheni husukumwa na oili hiyo hiyo. Gari likilala usiku kucha, oili huteremka kwenye sampu, bakuli la chini ya injini. Ukipiga stata kwenye nyuzi 25, 20W-50 ni nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30, na pampu inaivuta kwa tabu. Ndipo unaposikia krakrakra upande wa cheni kwa sekunde kadhaa, kisha kimya. Wateja wengi wenye mlio huo huambiwa cheni imekwisha, wakanunue. Mimi kwanza nauliza oili gani imo.

Karibu na vali ya VVT-i kuna kichujio kidogo cha waya, hakizidi ncha ya kidole. Mafundi wengi hawajawahi kukifungua. Injini iliyocheleweshwa kumwagwa oili, nakikuta kimezibwa na tope jeusi, gari halina nguvu na taa ya injini inawaka. Ukipima kwa mashine, Toyota za miaka ya 2000 mara nyingi hutoa namba ya hitilafu ya VVT-i, P1349. Kikioshwa na oili ikabadilishwa, mara nyingi gari linarudi kwenye hali yake bila kununua spea yoyote.

Oili nzito ina mahali pake. Injini za zamani, kama za Peugeot 504, ziliundwa kwa oili za namna hiyo. Na injini iliyochoka, inayopunguza oili kidogo kidogo, ukiipandisha kutoka 5W-30 hadi 5W-40 sitagombana nawe. Ila ringi zikishakufa, 20W-50 itapunguza moshi kwa muda tu. Ovahoo iko palepale.

Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani kisikutishe, 5W-30 imeandikwa vilevile. Angalia pia kwenye kopo herufi za API, zinazoonyesha daraja la oili: zinazoanza na S ni za petroli, na SP, iliyotoka 2020, ndiyo ya juu kuliko SN. Zinazoanza na C ni za dizeli. Kuhusu muda, usihesabu kilomita peke yake. Saa mbili za foleni ya Barabara ya Mandela injini inazunguka na kilomita hazisogei, kwa hiyo gari la mjini mimi silipitishi kilomita 5,000.

Wenye bodaboda, oili ya gari msiitie kwenye pikipiki. Klachi yenu inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za gari, hasa nyepesi, zina viungo vya kupunguza msuguano. Klachi huanza kuteleza, mnavuta mafuta na mwendo hauji. Tafuteni kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, alama za oili ya pikipiki.