Je, wajua kwa nini bodi ya gemu iliyoagizwa Japani inaweza kufika nzima lakini isiwake?

Mnunuzi anaagiza bodi ya Capcom, yaani sakiti yenye gemu ambayo huchomekwa ndani ya zile mashine kubwa za sarafu za kumbi za michezo, kutoka kwa muuzaji wa Japani. Picha za tangazo zinaonyesha gemu ikicheza vizuri kabisa. Boksi linafika likiwa zima, hakuna kona iliyobonyea wala chipu iliyochomoka. Anaichomeka kwenye mashine, anawasha, na kioo kinajaa rangi moja tupu. Hakuna herufi, hakuna sauti. Mnunuzi anamshuku muuzaji, muuzaji anamshuku msafirishaji, na huenda wote wanaoneana bure, kwa sababu kilichopotea hakionekani kwa macho na kina ukubwa wa baiti chache tu.

Bodi zenye tabia hii ni nyingi, lakini zinazosumbua wanunuzi kuliko zote ni za CP System II, ambayo mafundi huiita CPS-2. Capcom, kampuni ya Osaka, iliitoa mwaka 1993 na gemu ya kwanza ilikuwa Super Street Fighter II, gemu ya mapigano. Ina vipande viwili ndani ya maganda ya plastiki: kipande A kinachochomekwa kwenye mashine, na kipande B kinachobeba gemu yenyewe. Ganda la kijani ni la soko la Japani, la buluu ni la Marekani na Ulaya. Kuichomeka si tatizo. Tangu mwaka 1985 watengenezaji wa Japani walikubaliana kiwango kimoja cha plagi, JAMMA, chenye pini 56, na ndiyo maana bodi iliyotoka Osaka inaingia kwenye mashine ya Chicago bila kukata waya. Umeme nao si tatizo kwa bodi, kwa kuwa inakula volti 5 za moja kwa moja kutoka kwenye pawasaplai ya mashine. Awe mtu yuko Japani kwenye volti 100 au Nairobi kwenye volti 240, anayehangaika ni pawasaplai na kioo. Cha kukumbuka ni waya wa ziada wa vitufe vya mateke: JAMMA haikutenga nafasi ya vitufe sita kwa kila mchezaji, kwa hiyo waya huo huagizwa pembeni.

Tatizo liko kwenye betri. Ndani ya kipande B kuna betri moja ya lithiamu ya volti 3.6, nene kama betri ya kawaida ya rimoti lakini fupi, nusu ya urefu wake. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na wanapotea kwa sababu inayoeleweka kabisa. Aliyekulia na kaseti za gemu za nyumbani anajua kuwa betri ndani ya kaseti hutunza mchezo uliouhifadhi. Ikiisha, unapoteza ulipofikia, lakini gemu inaendelea kuwaka. Mtu huyo akiiona betri ya CPS-2 anahitimisha kuwa kazi yake ni ileile, kutunza alama za juu na mipangilio. Sivyo. Mipangilio ya CPS-2 inakaa kwenye chipu nyingine ndogo isiyohitaji umeme ili kukumbuka. Betri haihusiki nayo hata kidogo.

Wengine wanakwenda upande wa pili na kusema betri ikiisha gemu inafutika. Hili nalo si kweli, na kulirudia kumewafanya watu watupe bodi ambazo leo wangezihitaji sana. Programu yote, picha zote, sauti zote ziko kwenye chipu za ROM, yaani kumbukumbu ya kudumu, na ROM haijali kama kuna umeme au hakuna. Chomoa chipu za bodi "iliyokufa," zisome kwa kifaa, kisha linganisha na za bodi inayocheza: utakuta ni sawa, herufi kwa herufi. Hakuna kilichofutika humo.

Kosa la tatu ndilo linalokula pesa. Mtu anaona kioo cha rangi moja, anasoma kwamba betri imeisha, ananunua betri mpya, anaifunga kwa risasi ya kuchomelea, anawasha. Rangi ileile. Anaagiza betri nyingine akidhani ya kwanza ilikuwa feki. Betri mpya haiwezi kufufua bodi ya CPS-2 iliyokwisha kuzimika, hata ingekuwa bora kuliko zote duniani. Inachoweza ni kuiongezea maisha bodi ambayo bado iko hai.

Kwa nini kampuni itengeneze kitu kama hiki kwa makusudi? Street Fighter II ya mwaka 1991 ilitengenezwa kwenye mfumo wa kabla yake, CPS-1, na ilinakiliwa vibaya mno. Mabingwa wa kunakili walisoma ROM, wakazichapa upya kwenye bodi za bei rahisi, na wengine wakaibadilisha gemu wakaiuza kama toleo jipya. Chipu ya ROM ni kitu cha wazi: ukiishika mkononi, unayo yote iliyomo. Capcom ilihitaji njia ya kuhakikisha kwamba hata ukiishika huna kitu.

Njia yenyewe inaeleweka vizuri kwa anayejua kinyume, ule usemi wa siri wa Waswahili ambapo silabi ya mwisho inahamia mbele: sukari inakuwa risuka, kitabu kinakuwa bukita. Chukua kitabu cha mapishi cha hoteli moja. Picha za vyakula ziko wazi, orodha ya viungo iko wazi, lakini maelekezo yote ya kazi, kaanga, koroga, funika, yameandikwa kwa kinyume. Tena si kinyume cha kawaida. Kanuni ya kugeuza silabi inabadilika kila mstari, kulingana na namba ya ukurasa, namba ya mstari, na neno moja la siri. Neno "koroga" kwenye ukurasa wa 3 limegeuzwa namna moja, na kwenye ukurasa wa 40 limegeuzwa namna nyingine kabisa. Mpishi pekee ndiye anayelijua neno la siri, na halijaandikwa popote. Analo kichwani tu. Mwizi anaweza kutoa kopi ya kitabu kizima usiku kucha. Atapata picha nzuri za biriani, lakini kupika hataweza.

Sasa mpishi huyu ana sharti moja: analikumbuka neno akiwa macho tu. Betri ndiyo inayomweka macho. Akisinzia mara moja, neno limetoka. Ukimwamsha kwa betri mpya ataamka mzima, atakifungua kitabu, na atasoma maelekezo kwa kanuni isiyo sahihi. Anaona maneno yasiyo na maana na anasimama. Hicho ndicho kioo cha rangi moja.

Kwenye bodi halisi, mpishi ni prosesa ya Motorola 68000 iliyofungiwa ndani ya chipu maalumu ya Capcom. Kila inapochukua amri kutoka ROM, anwani ya amri hiyo inapitishwa kwenye hatua nne za kuchanganywa pamoja na ufunguo wa biti 64, ambao ndio lile neno la siri. Matokeo yake yanaunda ufunguo mwingine, na huo ndio unaotumika kuipitisha amri yenyewe kwenye hatua nne nyingine, mpaka inatoka ikiwa wazi. Data, kama vile namba na majedwali ya mchezo, inasomwa ilivyo. Ufunguo wa biti 64 una uwezekano unaozidi 18 ikifuatiwa na sifuri 18, kwa hiyo kubahatisha haikuwa njia.

Kilichonivutia zaidi katika mpango huu ni kuwa udhaifu wa betri ndio ulinzi wenyewe. Ufunguo ungechapwa kwenye ROM, mwizi angeusoma. Ukikaa kwenye kumbukumbu inayotegemea betri, ndani ya chipu, mtu anayeing'oa chipu ili aichunguze anakata umeme, na anachokitafuta kinayeyuka mikononi mwake. Ni ubunifu wa hali ya juu. Pia ni ukatili kwa kila aliyenunua bodi kwa pesa halali, kwa maana saa ilikuwa ikihesabu dhidi yake tangu siku ya kwanza. Na umri huo hautabiriki kwa kutazama: betri mbili za tarehe moja, moja ikikaa ghala lenye joto na nyingine chumba baridi, haziishi sawa. Ikishuka kufikia karibu volti 2, bodi iko hatarini.

Ufumbuzi ulikuja kwa awamu, na kila awamu ina faida yake kwa anayeagiza leo. Mwanzoni mwa 2001, kundi lililojiita CPS-2 Shock lilifanikiwa kuilazimisha bodi iliyo hai ifumbue programu yake yenyewe, bila wao kuijua kanuni. Kutokana na kazi hiyo zikapatikana ROM zilizokwisha kufumbuliwa, zinazoitwa Phoenix, za kuwekwa kwenye bodi zilizozimika. Januari 2007, Andreas Naive na Nicola Salmoria, huyu wa pili akiwa mwanzilishi wa MAME, programu ya kuchezesha gemu za mashine hizi kwenye kompyuta, waliifumbua kanuni yote pamoja na funguo zake. Lakini kuujua ufunguo ni jambo moja, kuurudisha ndani ya chipu ni jingine. Hilo lilikamilika Aprili 2016, Eduardo Cruz, Artemio Urbina na Ian Court walipotangaza kuwa wamegundua jinsi kiwanda kilivyokuwa kikiuingiza ufunguo huo. Tangu hapo fundi anaunganisha waya chache kati ya kipande B na kompyuta ndogo ya aina ya Arduino, ufunguo unaingia, na bodi inaamka na ROM zake za asili, hakuna kilichobadilishwa. Kuna hata kifaa kidogo cha kufungwa ndani, InfiniKey, kinachoingiza ufunguo kila unapowasha, na betri inaondolewa moja kwa moja.

Turudi kwenye kuagiza. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe kuhusu betri: ni ya lini, imepimwa volti ngapi, au bodi imeshawekewa kifaa cha kuondoa betri? La pili, naliona muhimu kuliko hata la kwanza: omba picha ya karibu ya sehemu betri ilipokaa, kipande B kikiwa kimefunguliwa. Betri kuukuu huvuja, na kemikali yake inakula njia za shaba kwenye bodi. Tafuta rangi ya kijani au nyeupe kwenye miguu ya chipu za jirani na risasi iliyofifia isiyong'aa. Ufunguo unarudishwa kwa dakika chache. Njia zilizoliwa zinaweza kumpa fundi kazi ya siku nzima na zisipone.

La tatu linahusu usafirishaji wenyewe. Tangu Januari 2015, betri za lithiamu zisizochajiwa, zikisafirishwa peke yake kama mzigo, haziruhusiwi kwenye ndege za abiria. Zikiwa zimefungwa ndani ya kifaa, zinaruhusiwa kwa masharti. Muuzaji wa kawaida anayeogopa kurudishiwa mzigo posta anaweza kufikiri anakusaidia kwa kuing'oa betri, na hapo bodi iliyokuwa hai inazimika kabla haijatoka Japani. Mwandikie mapema, wazi kabisa, asiiguse. Na wewe ukitaka kuibadilisha ikishafika, njia ya salama ni kuunganisha betri mpya sambamba na ya zamani, plasi kwa plasi, kabla ya kuitoa ya zamani, ili umeme usikatike.

Usidhani kila bodi yenye betri inatibika kwa namna hii. Sega, kampuni nyingine ya gemu ya Japani, ilitumia prosesa ya FD1094 ambayo betri yake imo ndani ya prosesa yenyewe, na CPS-3, mfumo wa Capcom uliofuata CPS-2 na kutoka 1996, ina kaseti ya ulinzi yenye betri yake na utaratibu wake wa kufufua. Uliza modeli kwa jina kabla ya kulipa.

Kwa CPS-2, ushauri wangu ni kinyume na wanavyofanya wengi. Minada ya Japani imejaa bodi zinazouzwa kama mbovu, zisizojaribiwa, kwa bei ya chini. Bodi ya kioo cha rangi moja ambayo picha yake inaonyesha shaba safi ni ununuzi bora kuliko inayocheza leo ikiwa na betri iliyoanza kuvuja.